Habari za teknolojia ni kelele kila siku, nimsikilize nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi sio mtu wa IT, natumia simu na laptopu kwa kazi za kawaida tu. Nimeanza kufuatilia habari za teknolojia nikidhani nitaelimika, kumbe ndio nazidi kuchanganyikiwa. Mara nywila bilioni 16 zimevuja, mara Windows 10 imekufa tununue kompyuta mpya, mara kuna kifaa cha AI kitaua simu zote. Nikiingia kwenye makundi ya wanaojua ndio balaa, watu wa iPhone na wa Android wanatukanana, mwingine anasema Windows ni ya wajinga hamia Linux, na siku nilipouliza kuhusu laptopu yangu kuwa nzito nikajibiwa neno moja tu, "kagugo", yaani kaulize Google. Sasa nimsikilize nani, na je kuna faida yoyote ya kufuatilia haya mambo?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Faida ipo, tena kubwa, ila nadhani unaitafuta mahali pabaya. Wewe unatafuta mtu wa kumsikiliza, yaani jina, chaneli, kundi, upande, na hapo ndipo wengi wanapopotelea maana kwenye hii dunia yetu hakuna upande ulio sahihi muda wote, hata mabingwa kabisa wameshatabiri utumbo hadharani, nitakupa mifano huko mbele ucheke kidogo. Mimi siku hizi naangalia kitu kimoja tu: huyu anayeongea amejuaje? Amepima? Amesema ni simu gani, toleo gani, alifanya nini kikatokea nini? Kama amesema namsikiliza hata kama hana jina wala picha, kama hajasema basi awe na wafuasi milioni tano namwacha apite.

Nianze na simu maana unayo mkononi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanalalamika kwamba iPhone ikizeeka Apple wanaipunguza kasi makusudi ili ununue mpya, na kila lalamiko likitoka mashabiki wanajibu eti unajisikia tu, simu iko vile vile, macho yako yamezoea simu za wenzio. Kila apdeti ikitoka ugomvi ule ule, kambi zile zile, hakuna anayemsikia mwenzie. Desemba 2017 mtu mmoja kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano, mwenye iPhone 6s akafanya jambo rahisi kabisa, akapima kasi ya simu yake kwa programu ya Geekbench, akabadilisha betri, akapima tena, namba zikapanda sana. Hakutukana mtu, aliweka namba tu akaelezea alichofanya. Siku chache baadaye John Poole, mwanzilishi wa kampuni inayotengeneza hiyo Geekbench, akachukua vipimo vya watu wengi wenye 6s na 7 akavipanga kwa matoleo ya iOS, ule mfumo unaoendesha iPhone, na hapo ubishi ukaisha, kuanzia toleo la 10.2.1 kuna kundi kubwa la simu zilizokuwa zimeshushwa kasi kwa ngazi ngazi na uchakavu wa kawaida haushushi simu kwa mtindo huo. Tarehe 20 Desemba Apple wakakubali kwamba ndivyo ilivyo. Mwaka haujaisha wakaomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na 2018 ikaja iOS 11.3 na ile sehemu ya kuangalia afya ya betri, ambayo leo kila anayenunua iPhone iliyotumika anaifungua kabla hata ya kuangalia kioo. Mwaka 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya euro milioni 25 na kule Marekani wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi.

Sasa hapa kuna kitu watu wanakiruka. Kambi ZOTE mbili zilikuwa zimekosea. Waliosema "unajisikia tu" walikosea, hilo liko wazi, lakini na waliosema ni njama ya kukulazimisha ununue mpya nao hawakuipata yote. Betri ya lithiamu ikichakaa ukinzani wake wa ndani unapanda, prosesa ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla volti inaporomoka na simu inajizima hata kama inaonyesha chaji ipo. Apple walipunguza kasi ili simu zisijizime, na kiufundi ni suluhisho linaloeleweka. Kosa lao ni kunyamaza, mwenye simu hakuambiwa kwamba betri mpya ya bei ndogo ingemrudishia simu yake, kwa hiyo wako walioenda kununua simu nzima. Ukweli wa namna hii huwezi kuupata kwa kuchagua kambi, ulipatikana kwa mtu mmoja na bisibisi yake.

Haya, tuje kwenye nywila bilioni 16. Hiyo habari ilitoka Juni 2025 na vichwa vingi viliandikwa kama vile Apple, Google na Facebook wamedukuliwa usiku mmoja. Anza na akili ya kawaida tu, dunia ina watu kama bilioni nane, yaani ni nywila mbili kwa kila mtu hadi mtoto mchanga, sasa bilioni 16 ni za nani? Wataalamu wa usalama waliposoma vizuri ikaonekana hakuna kampuni kati ya hizo iliyodukuliwa upya, ulikuwa ni mkusanyiko wa mafaili kama 30 yenye data zilizojirudia rudia na nyingi zilitoka kwenye programu za wizi zinazoingia kwenye kompyuta za watu binafsi na kuzoa nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Na hizo programu za wizi mara nyingi zinaingiaje? Umeshusha programu ya kulipia lakini "iliyovunjwa" ili uitumie bure, ndio hivyo.

Kwa hiyo habari ilikuwa ya uongo? Hapana, na hapa ndipo wajuaji wengi nao wanakosea, wakishagundua kichwa cha habari kimetiwa chumvi wanakuambia puuza kabisa. Usipuuze. Ingia Have I Been Pwned, huduma aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, weka barua pepe yako itakuonyesha imeonekana kwenye mivujo gani. Nywila uliyoitumia sehemu mbili ibadilishe zote mbili, tumia programu ya kutunza nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili kwanza kwenye barua pepe maana mwenye barua pepe yako ana kila kitu chako. Ukishafanya hivyo, siku ikitangazwa bilioni 30 wewe unakunywa maji unalala.

Tukio la CrowdStrike nalo ni somo zuri la jinsi habari inavyosafiri. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows dunia nzima zikaanza kuonyesha skrini ya bluu, viwanja vya ndege vikasimama, hospitali, benki, na saa za kwanza mitandao yote ilikuwa "Microsoft imedukuliwa". Haikudukuliwa. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili bovu la apdeti kwa wateja wake, ikaligundua na kulirudisha baada ya dakika 78 lakini kompyuta zilizokuwa zimeshalipokea hazikuweza kuwaka zenyewe. Microsoft walikadiria ni kompyuta milioni 8.5, ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows, ila ndio zile zilizokuwa kwenye sehemu nyeti. Wakati televisheni bado zinahoji wachambuzi kuhusu vita vya mtandaoni, mafundi waliokuwa kazini usiku huo walikuwa tayari wameandikiana dawa: washa kwa hali salama, ingia kwenye folda ya CrowdStrike, futa faili linaloanza na C-00000291, washa upya. Basi. Mtu asiye na jina, ila amekupa jina la faili. Siku hiyo hiyo kuna mchekeshaji mmoja aliposti picha ya kutengenezwa akijifanya ni mfanyakazi mpya wa kampuni hiyo, eti siku yake ya kwanza kazini ametuma apdeti ndogo na sasa anaenda kupumzika mchana, watu mamilioni wakaiona na wengi waliiamini kabisa. Linganisha hizo posti mbili utaona ninachokuambia, moja unaweza kuijaribu kwenye mashine iliyo mbele yako na nyingine huwezi.

Kuhusu vifaa vya "kuua simu". Kulikuwa na kitu kinaitwa Humane AI Pin, kilitangazwa Novemba 2023, kibati kidogo cha kubandika kifuani kinaongea na AI na kinamulika maandishi kwenye kiganja, dola 699 pamoja na dola 24 kila mwezi. Siku ya kutangazwa habari zote zilikuwa simu zimefika mwisho. Aprili 2024 kikafika mikononi mwa wapitiaji, kinapata joto, kinajibu polepole, chaji haikai, na Marques Brownlee, mpitiaji maarufu wa vifaa huko YouTube, akasema ni bidhaa mbovu kuliko zote alizowahi kuzipitia, mpaka muda huo. Ikazuka vita, na sio kuhusu kifaa! Vita ilikuwa kama ni haki mtu mwenye watazamaji mamilioni kuongea vile kuhusu kampuni changa, kwamba anaweza kuiua. Msimamo wangu ni kwamba mpitiaji ana deni kwa mtu anayetaka kutoa dola 699, hana deni kwa aliyetengeneza, na kifaa kizuri hakiuawi na video. Februari 2025 HP wakanunua mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huo huo seva, yaani zile kompyuta za kampuni ambazo kifaa kilizitegemea kupitia mtandao, zikazimwa, vile vifaa vikabaki mapambo. Kwa hiyo kila ukisoma habari ya kifaa kipya jua kina siku tatu: siku ya kutangazwa, siku ya kufika kwa watu waliolipa hela zao, na siku seva zitakapozimwa. Vichwa vya habari vinaandikwa zaidi siku ya kwanza, wewe subiri ya pili na ujiulize kuhusu ya tatu. Na ukiona video ishirini za simu moja zimetoka dakika moja ile ile usishangae, wapitiaji hupewa kifaa mapema kwa makubaliano ya kutosema chochote hadi saa fulani, sio rushwa lazima, lakini inamaanisha hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa nayo miezi sita. Mimi natafuta video ya mwaka mmoja baadaye, hizo hazina watazamaji wengi na ndio zenye maana.

Sasa tuje kwenye matusi, maana nadhani ndio kilichokuuma zaidi. Mabishano ya iPhone na Android sitayapotezea muda, mtu ametoa hela nyingi na hataki kusikia kwamba angeweza kutoa ndogo, na mitandao yenyewe inapandisha posti yenye majibu mengi na hakuna kinacholeta majibu kama matusi. Pita.

Ule ukali wa mafundi lakini ni kitu kingine, una historia na una madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Nikueleze kisa cha xz, kaa vizuri kidogo ni kirefu.

xz ni programu huria (yaani ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ya kubana mafaili, ndogo, iko ndani ya karibu kila mfumo wa Linux, na Linux, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ndio inaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, kwa hiyo hata wewe ambaye hujawahi kuisikia unaitumia kila siku bila kujua. Miaka mingi ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada bila malipo. Kuanzia 2021 akatokea mtu anayejiita Jia Tan anachangia marekebisho, mpole, mchapakazi, kazi safi. Mwaka 2022 kwenye orodha ya barua pepe ya mradi wakaanza kutokea watu wengine, majina ambayo hayakuwahi kuonekana kabla, wanalalamika: mbona uko polepole, mradi unakufa, kama huwezi waachie wengine. Collin akajibu kwa ustaarabu tu kwamba ana matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu na kwamba hii ni kazi ya kujitolea, wakazidi kumbana. Mwisho akampa Jia Tan mamlaka ya kutunza mradi naye. Mtu mwema yupo pale pale anasaidia, ungefanya nini?

Mapema 2024 Jia Tan akatoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 na ndani yake kukawa na mlango wa nyuma uliofichwa kwenye mafaili ya majaribio, ambao ungemruhusu mwenye ufunguo maalumu kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, na kufanya anachotaka. Ulishaanza kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux, bado kidogo ufike kwenye matoleo ambayo seva nyingi zinayatumia. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye wala hakuwa anatafuta wadukuzi, alikuwa anapima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL na akaona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida na prosesa inakula nguvu bila sababu. NUSU SEKUNDE. Mimi na wewe tungesema intaneti leo iko vibaya. Yeye akachimba mpaka akaufikia, na tarehe 29 Machi 2024 akaandika hadharani kila kitu: matoleo gani, dalili gani, jinsi ya kuangalia kama unao. Tathmini ya hatari ikapewa 10 kati ya 10.

Umeona kilichotokea pale? Wale waliombana Collin inaaminika walikuwa sehemu ya mpango wenyewe, majina ya bandia. Na hakuna aliyewashtukia kwa sababu ile lugha ya kumfokea mtu anayekufanyia kazi bure ilishakuwa ya kawaida kwenye jamii yetu, mtu akiingia anatukana anaonekana ni mtumiaji tu kama wengine. Silaha ilikuwa tabia yetu wenyewe. Ndio maana mimi mtu akiniambia ukali ni "utamaduni wa mafundi" na anayeumia ahame, siku hizi namjibu kwa neno moja tu, xz.

Ni kweli ukali una mizizi. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alijulikana miaka na miaka kwa barua pepe za kuchana watu vipande hadi Septemba 2018 alipoomba radhi hadharani, akakaa pembeni wiki kadhaa kutafuta msaada na mradi ukaweka kanuni za maadili. Stack Overflow, ile hazina ya maswali na majibu ya waandika programu iliyoanzishwa 2008, nayo mwaka 2018 ilikiri kupitia kiongozi wake mmoja kwamba wageni, hasa wanawake na watu wa makundi madogo, hawakaribishwi vizuri. Halafu Novemba 30, 2022 ikatoka ChatGPT na maswali mapya pale yakaporomoka vibaya sana. Wengi wanasema sababu ni kwamba AI inajua. Kwa mtazamo wangu sababu kubwa ni kwamba AI haifoki, unaweza kuiuliza swali la kijinga saa nane usiku ikakujibu "swali zuri". Tatizo ni kwamba imejifunza sehemu kubwa kutoka kwa wale wale wazee wakali waliokuwa wanajaribu vitu kwenye mashine zao, na yenyewe haina mashine yako, mara nyingi haijapima kitu, inaweza kukupa jina la kitufe ambacho hakipo kwa kujiamini kabisa. Itumie, mimi naitumia, ila jibu lake lichukulie kama dokezo la kwenda kujaribu.

Na kwa upande wa pili, nisiwe mnafiki, ukali mwingine unatoka kwenye uchovu. Mtu akiandika "laptopu yangu nzito nisaidieni" anayejua inabidi aulize maswali sita kabla ya kuanza kufikiri, na kesho anakuja mwingine na sentensi ile ile. Daniel Stenberg anayetunza curl, programu nyingine iliyo ndani ya karibu kila kifaa unachokijua, amekuwa akilalamika wazi tangu 2024 kuhusu ripoti za hitilafu za usalama zilizoandikwa na AI, ndefu, nzuri, zenye vichwa vidogo, na ndani hakuna hitilafu yoyote, kila moja inakula masaa ya watu kuithibitisha kwamba ni hewa. Kwa hiyo ukiuliza andika hivi: modeli ya laptopu, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinaitumia zikiwa wazi), diski ni ya kuzunguka au SSD (isiyozunguka, yenye kasi zaidi), Windows toleo gani, tatizo lilianza lini, umeshajaribu nini, na kama kuna ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno. Utashangaa wale wale wakali wanavyolainika, kwa sababu fundi hawezi kuona fumbo lenye vipande vyote akaacha kuligusa.

Nilikuahidi kucheka. Oktoba 2001 Apple walipotoa iPod, kile kicheza muziki kilichokuja kupendwa dunia nzima, mwanzilishi wa Slashdot, mtandao uliokuwa kijiwe kikuu cha mafundi, aliandika kwamba haina mawasiliano ya bila waya, nafasi yake ndogo kuliko ya Nomad, kicheza muziki cha kampuni nyingine, hovyo. Mwaka 2007 mtu alipoonyesha Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwenye Hacker News, kijiwe kingine cha mafundi, akajibiwa kwamba ukiwa na Linux hiyo kitu unaijenga mwenyewe kirahisi tu, unafungua akaunti ya FTP (njia ya zamani ya kutuma mafaili), unaiunganisha kama folda, unaweka programu ya kutunza matoleo... na kwa kweli alikuwa sahihi, aliweza! Ila wengine bilioni kadhaa hawakuweza. Huo ndio ugonjwa wa wataalamu, wanapima kifaa kwa kazi yao wenyewe. Na ile ya Januari 1992 naipenda zaidi, Andrew Tanenbaum, profesa aliyetengeneza mfumo wa MINIX, aliandika kwamba Linux imepitwa na wakati, wakabishana na Torvalds kijana wa chuo mbele ya watu wote. Leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android na tangu 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Umemcheka profesa? Mwaka huo huo wa 2017 ikajulikana kwamba Intel wameweka MINIX ndani ya chipu zao za usimamizi kimya kimya, kwa hiyo mamilioni ya laptopu zinaitumia bila wenyewe kujua. Washindi wote wawili na wote wawili walikuwa na hoja.

Mwisho laptopu yako, maana hilo ndilo swali lenyewe na wamekunyima jibu. Windows 10 haijafa kwa maana ya kutowaka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa apdeti za usalama za bure kwa kawaida, kompyuta inaendelea kufanya kazi ila matundu mapya hayazibwi. Kuna mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, unaweza kuupata kwa dola 30, au bila hela kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao, angalia kwenye sehemu ya apdeti, lazima uwe kwenye toleo la 22H2. (Wakati Windows 10 inatoka 2015 mfanyakazi wao mmoja alisema jukwaani ni Windows ya mwisho na mashabiki wakalikariri hilo miaka sita kama aya. Alisema, hakuonyesha kitu.) Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana, kwa Intel ni kizazi cha 8 kuendelea kwa ujumla. Shusha programu ya Microsoft inayoitwa PC Health Check itakuambia ndio au hapana.

Uzito ni suala jingine na usiruhusu mtu akuuzie kompyuta mpya kabla ya kulipima. Ikiwa nzito bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, angalia safu ya diski (Disk), kama imekaa asilimia 100 wakati hufanyi kitu na diski yako ni ile ya kuzunguka, badilisha uweke SSD, hutaamini ni mashine ile ile. Kama RAM ndio imejaa, angalia programu zinazojiwasha zenyewe uzizime unazozijua kwanza, zikibaki chache na bado imejaa basi ongeza RAM kama inakubali. Linux je? Kama kazi zako zote ziko kwenye brauza, ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, Linux Mint inakubali hivyo, uone Wi-Fi na printa kama vinashika. Kama una programu moja ya kazini inayotaka Windows tu, baki ulipo na usimruhusu mtu akuaibishe kwa hilo.

Niandikie modeli, prosesa, RAM, aina ya diski na ulichokiona kwenye ile safu, nitakuambia cha kununua au cha kuacha.